Mchakato wa Kazi Umo Ndani ya Simulizi za Wanaoifanya

Kazi yangu ni kuchora michakato ya kazi za taasisi ndogo, hasa vyama vya ushirika na kampuni za watu wachache, ili wanaotengeneza programu za kompyuta wajue wanatengeneza nini, na wanaosimamia kazi wajue wanasimamia nini. Utaratibu tuliozoeshwa ni kukaa na msimamizi, kumuuliza kazi inafanyikaje tangu mwanzo hadi mwisho, kuchora, kumrudishia mchoro, naye akatia saini. Ninavyoona mimi, mchoro unaopatikana kwa njia hiyo ni mchoro wa kanuni. Kazi yenyewe imejificha katika siku ambazo mambo yalikwenda kombo, na siku hizo hazitajwi mtu anapoulizwa "mnafanyaje?" Hutajwa anapoombwa asimulie.

Fani ya kuchora kazi si ngeni. Mwaka 1921 Frank na Lillian Gilbreth waliwasilisha michoro yao ya michakato mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, na leo wengi wetu tunatumia alama za BPMN, mfumo sanifu wa alama za kuchora michakato ya kazi, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na kufikia toleo la pili mwaka 2011. Alama hizo ni nzuri: kisanduku ni kazi, mshale ni mfuatano, na umbo la almasi ni njia panda ambapo kazi hugawanyika kulingana na sharti fulani. Kasoro yake ni kwamba hazikuambii utoe wapi cha kuchora. Mtu anaweza kuchora uongo kwa alama zilizo sahihi kabisa, na mchoro huo ukapitishwa kwenye kikao bila swali hata moja.

Wapo waliokwisha kuliona pengo hilo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia John Flanagan alieleza mbinu ya kukusanya matukio mahususi, mbinu iliyokua kutokana na utafiti juu ya marubani wa jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: badala ya kumuuliza mtu rubani mzuri ana sifa gani, unamwomba aeleze tukio moja ambapo mwenzake alifanya jambo lililosaidia sana au lililoharibu sana. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Julian Orr aliwafuatilia mafundi wa mashine za kunakili wa kampuni ya Xerox, akakuta kwamba mashine ngumu hazitengenezwi kwa kufuata kitabu cha maelekezo bali kwa visa ambavyo mafundi husimuliana wakati wa chakula na kahawa. Baadaye kampuni hiyo ikaanzisha mfumo wa Eureka wa kuhifadhi na kusambaza mbinu za mafundi wenyewe, mfumo ambao wa kwanza kuutumia kwa dhati walikuwa mafundi wake wa Ufaransa katika miaka ya 1990. Huko Brazil, Flávia Maria Santoro na wenzake katika chuo kikuu cha UNIRIO mjini Rio de Janeiro walikwenda hatua moja mbele: waliwakutanisha wafanyakazi wasimulie kisa kimoja kwa pamoja, kila mmoja akiongeza kipande chake, kisha wakatafuta njia ya kuchopoa mchakato kutoka katika maandishi ya simulizi hizo.

Mimi nimeijaribu njia hii mahali pengi, lakini mfano ninaopenda kuutoa ni wa kituo kimoja cha kukusanyia maziwa cha ushirika wa wafugaji katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Ushirika ulitaka programu ya simu ya kurekodi maziwa yanayopokelewa, na nilipofika nikapewa karatasi yenye mchakato wote. Mfugaji analeta maziwa. Mpimaji anayatazama na kuyanusa, anapima densiti ya maziwa, yaani uzito wake kwa ujazo, kwa chombo kiitwacho laktomita, kisha anachanganya maziwa na alkoholi kwa viwango sawa na kutazama kama yatakatika. Yakifaulu yanapimwa lita, karani anaandika namba ya mwanachama na lita zake, na maziwa yanamiminwa kwenye tanki la kupoozea mpaka yafike nyuzi 4 za Selsiasi, yakisubiri gari la kiwanda. Yakishindwa, mfugaji anarudishiwa. Mwisho wa mwezi mhasibu anajumlisha lita, anakata madeni ya duka la pembejeo, analipa.

Hakuna kosa katika karatasi hiyo. Inaendana na yanayofundishwa: kiwango cha Afrika Mashariki kinataka maziwa mabichi ya ng'ombe yawe na densiti kati ya gramu 1.028 na 1.036 kwa mililita, yakiwa na nyuzi 20, na alkoholi ya asilimia 68 ndiyo inayotumiwa sana vituoni. Mtengeneza programu angeweza kuichukua na kuanza kazi siku hiyohiyo.

Nilimwomba mpimaji, mama mtu mzima aliyeanza kazi hiyo tangu kituo hakijapata tanki la umeme, anisimulie mara ya mwisho maziwa yalipokataliwa. Siku moja tu, tangu alipoamka. Alisita kidogo, akataka kujua kama meneja atasoma. Nilipomwambia kwamba hakitachorwa kitu kabla yeye hajakiona, akasimulia:

"Basi siku hiyo mvua ilikesha, mwanangu. Kijana wa bodaboda akachelewa, akaingia hapa saa tatu. Nikafungua keni ya kwanza, nikanusa pale pale kwenye mfuniko kabla harufu haijatoka, nikasema hapa pana jambo. Nikatia alkoholi, yakakatika. Nikamuuliza, leo umeanzia kwa nani? Akanitajia nyumba tano. Nikamwambia lete daftari. Kumbe kwa mzee mmoja lita zimezidi, na mimi ng'ombe wake namjua, asubuhi hatoi lita zile. Nikajua huyu kachanganya ya jana jioni. Lakini utamwambiaje mtu mzima vile bila ushahidi? Maziwa yameshachanganyika na ya wenzake. Kesho yake alfajiri nikapanda pikipiki na chupa yangu ya alkoholi, tukapima mlango kwa mlango."

Simulizi hiyo haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai, na ilibomoa karatasi niliyopewa kuanzia mstari wa kwanza. Mfugaji haleti maziwa. Wapo wachache wanaokaa karibu na kituo wanaoleta wenyewe, lakini wengine wote maziwa yao huletwa na vijana wa bodaboda, na kijana mmoja huchanganya maziwa ya nyumba kadhaa ndani ya keni moja. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo programu ingemuuliza karani, yaani namba ya mwanachama, halina jibu pale mapokezini. Kinachofika pale ni keni, na keni ina wenyewe watano. Kumbukumbu ya nani katoa lita ngapi imo katika daftari la bodaboda, daftari la mistari lenye jalada lililoloa, ambalo halikutajwa popote katika karatasi ya ushirika ingawa malipo ya wanachama yalitegemea daftari hilo.

Zaidi ya hapo, upimaji haufanyiki mahali pamoja. Kanuni inasema maziwa hupimwa kituoni, na kweli hupimwa, lakini kipimo cha kituoni kinaweza tu kusema keni ni mbovu, hakiwezi kusema mbovu ni nani. Kumtafuta mhusika ni mchakato mwingine unaoanza kesho yake alfajiri, wenye mtu wake, chombo chake na usafiri wake, ambao hakuna aliyeuwekea posho wala muda. Na maamuzi ya mpimaji hayatokani na alkoholi peke yake. Anajua ng'ombe wa fulani anatoa kiasi gani, anajua njia ipi hujaa tope, anajua nani kazalisha juzi na huenda akaleta dang'a. Ujuzi huo ndio unaomfanya aanze kunusa keni fulani kwa makini zaidi kuliko nyingine. Ukimuuliza hupimaje, atakutajia laktomita.

Kuna dalili moja ya lugha ambayo imenisaidia kuliko kitabu chochote cha fani hii. Mtu anapoeleza kanuni, vitenzi vyake huanza na "hu": maziwa hufika, hupimwa, humiminwa. Anapoingia katika kisa, anahamia kwenye "ka": akachelewa, nikanusa, yakakatika, nikamwambia. Kila "ka" ni mshale wa mchoro, kwa sababu inabeba mfuatano wa kweli wa jambo baada ya jambo, pamoja na mtendaji wake ndani ya kitenzi hichohicho. Nikisikiliza rekodi na kukuta msimuliaji amerudi kwenye "hu" katikati ya kisa, najua hapo ameruka kitu, ama kwa kuwa anakiona cha kawaida mno, ama kwa kuwa hataki kukisema. Huwa sikatizi. Naweka alama kwenye daftari, na akimaliza namrudisha: "Mama, pale uliposema gari huja, siku hiyo lilikuja saa ngapi, na nani alilipigia simu?" Mara nyingi jibu ni kisa kingine kizima.

Vivyo hivyo kwa maneno kama "isipokuwa", "labda awe", "ila siku hiyo". Hayo ndiyo yanayozaa njia panda. Mchoro wa karatasi ya ushirika ulikuwa na njia panda moja tu, ya kufaulu na kushindwa. Simulizi zilileta nyingine ambazo hakuna aliyekuwa amezipa jina: keni ya mtu mmoja au ya wengi, mvua imenyesha au la, umeme upo au umekatika, gari la kiwanda limekwisha kuondoka au bado.

Hiyo ya umeme ilitoka kwa mlinzi, ambaye hakuwa kwenye orodha ya watu wa kuongea nao. Tulikuwa tumetandaza vipande vya karatasi juu ya meza ya mapokezi, kila kipande kitendo kimoja kwa maneno yaleyale ya msimuliaji, wafanyakazi wakivisogeza na kubishana. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, akacheka. Akasema funguo ya jenereta anakaa nayo yeye, na usiku umeme ukikatika ndiye anayeamua kuwasha au kungoja, kwa sababu dizeli ni ya kuhesabu na akiiwasha bure asubuhi ataulizwa. Hupima kwa kuweka kiganja kwenye ubavu wa tanki. Kwa maneno mengine, ubora wa maziwa ya kijiji kizima kuanzia saa moja jioni hadi alfajiri uko mikononi mwa mtu ambaye mchakato rasmi haumjui. Alama za BPMN tuliziweka baadaye sana, nikiwa peke yangu na kompyuta. Mezani zingewanyamazisha watu.

Sasa, wapo watakaosema kwamba simulizi si ushahidi, na kwamba siku hizi tuna kumbukumbu za mifumo. Ni hoja ya haki. Mholanzi Wil van der Aalst na wenzake wamejenga fani nzima ya kuchimba michakato kutoka katika kumbukumbu za kompyuta, ambamo kila tukio lina namba, jina la kitendo na saa yake, na panapokuwa na kumbukumbu safi njia hiyo huonyesha mambo ambayo hakuna binadamu angeyakumbuka. Lakini kumbukumbu nazo zina mwandishi. Kituo hiki kilikuwa na faili la kompyuta la mapokezi, na nilipolifungua nikakuta maziwa yote ya asubuhi yamepokelewa ndani ya dakika chache, baada ya saa nne. Programu ya kuchimba michakato ingehitimisha kwamba kituo kina msongamano wa kutisha saa nne. Karani alinieleza kwa utulivu: asubuhi mikono ina maziwa, hawezi kushika kibodi, kwa hiyo anaandika kwa kalamu na kuingiza yote kwa mkupuo gari likishaondoka. Faili lilikuwa linaeleza kwa usahihi kabisa muda wa karani kukaa kitini.

Simulizi nazo zina hila zake. Msimuliaji huwa shujaa wa kisa chake, na siku inayokumbukwa ni ile iliyokuwa na kishindo. Nikichora kwa kufuata visa vya mvua peke yake, nitatengeneza kituo cha maafa ambacho hakipo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ndiyo maana baada ya kisa huomba pia siku ya kuchosha, ile ambayo hakikutokea kitu, ingawa nakiri ni ngumu kuipata. Watu huona aibu kusimulia kisichokuwa na kisa. Pia hukitafuta kisa hichohicho kwa mtu wa pili. Kijana wa bodaboda alisimulia asubuhi ileile ya mvua, na kwake mpimaji ndiye aliyechelewa kufungua. Sikuhitaji kuamua nani mkweli. Tofauti yao ilinionyesha kwamba hakuna saa ya kufungua iliyokubaliwa, na hilo lilikuwa muhimu kuliko ukweli wa asubuhi moja.

Kuhusu kompyuta kusoma simulizi na kujichorea yenyewe, niseme machache. Mwaka 2011 Fabian Friedrich, Jan Mendling na Frank Puhlmann walionyesha mfumo unaotoa mchoro kutoka katika maandishi ya Kiingereza, nao wakaripoti kwamba kwa wastani asilimia 77 ya mchoro ilitoka sahihi. Maandishi waliyotumia yalikuwa maelezo ya mchakato, si visa vya watu. Modeli kubwa za lugha za leo, yaani programu za akili bandia zinazosoma na kuandika maandishi, zinafanya zaidi, na hata Kiswahili zinakielewa, lakini nimeziona zikifanya jambo moja linalonitia wasiwasi: zinapokuta pengo katika kisa hulijaza kwa hatua inayofaa kuwapo. Zilipopewa simulizi ya mpimaji ziliongeza "karani anarekodi kukataliwa kwa maziwa", hatua ambayo ingekuwa nzuri sana kama ingekuwapo. Pengo lile lilikuwa ndiyo habari yenyewe. Nazitumia kuandika rekodi za sauti kwa maneno, kisha nasoma mwenyewe.

Jambo gumu zaidi ni lile linalofuata mtu akishakuamini. Katika simulizi zaidi ya moja alijitokeza mama anayekaa nje ya geti la kituo, ambaye huchukua maziwa yaliyokataliwa kwa bei ya chini na kuyafanya mtindi. Hakuna karatasi iliyomtaja. Mfugaji anapoambiwa maziwa yamekatika, hayarudi nyumbani kama kanuni isemavyo, yanavuka geti. Wapimaji walilijua hilo, wafugaji walilifurahia, na meneja, nadhani, alichagua kutoliona. Nilipoweka kipande cha karatasi chenye maneno "yanavuka geti" juu ya meza, watu wote wakanyamaza.

Ningeweza kukiondoa. Mwenye maziwa ni mfugaji, na yakishakataliwa ushirika hauna madai juu yake. Lakini alkoholi haikatishi maziwa kwa sababu moja. Yaliyoanza kuchacha kwa kukawia njiani ni jambo moja; dang'a ni jambo la pili; maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele ni jambo la tatu, na huyo huenda anachomwa dawa. Mabaki ya dawa za viuavijasumu hayaonekani kwa alkoholi wala kwa laktomita. Bila vipimo vyake maalumu yanajulikana kwa kuuliza tu, na pale kituoni aliyekuwa akiuliza ni mpimaji, kwa mdomo, bila kuandika popote. Kulificha lile geti kungelinda kipato cha mama wa mtindi na kuwaacha wanywaji wake gizani.

Tulizungumza kwanza sisi wenyewe, mimi na wapimaji na kijana wa bodaboda, juu ya kipi kiingie na kwa namna gani. Tukakubaliana kwamba mchoro hautataja mtu, na kwamba kisa chenyewe hakitaambatanishwa. Badala yake iliongezwa hatua moja kabla ya maziwa kurudishwa, ya kuuliza na kuandika sababu ya kukataliwa: yamechacha, ni dang'a, au ng'ombe anaumwa au yuko kwenye dawa. Ya mwisho hutiwa rangi hapohapo ili yasiuzwe. Meneja alielezwa wapimaji wakiwapo, wao wakiwa ndio wasemaji. Alikubali rangi, akakataa posho ya kupima mlango kwa mlango, na kwa hiyo hatua hiyo imo katika mchoro lakini haina mtu mbele yake. Niliiacha hivyo makusudi, kisanduku chenye kazi na kisicho na mtendaji, na kila anayeutazama mchoro huuliza kwa nini.

Programu ya simu ilibadilika pia. Haianzi tena na namba ya mwanachama bali na keni, na kijana wa bodaboda ndiye anayeingiza lita za kila nyumba akiwa njiani, hata pasipo na mtandao, kisha kituoni zinakutana na kipimo cha keni nzima. Bado anatembea na daftari lake. Anasema simu ikilowa daftari linakauka.

Sehemu ambayo haijakamilika ni ya malipo. Mhasibu anasimulia kwamba kila mwisho wa mwezi hukwama siku kadhaa kwa sababu madeni ya pumba na dawa kutoka dukani hayalingani na kadi za wanachama, na muuza duka, nilipomkalisha pamoja naye, alijibu kila swali kwa "hu". Wiki ijayo nitakwenda dukani kwake saa ambazo wateja ni wachache, nimwombe anisimulie mkopo mmoja tu, wa mfuko mmoja wa pumba, tangu ulipotoka rafuni.